Gramu 35 za Chumvi Si Lazima Ziwe Bahari

Mwaka 1930 jiji la Chicago lilijiletea bahari kwa reli. Jumba la samaki la Shedd lilikuwa limejengwa kando ya Ziwa Michigan, kubwa na la fahari, lakini ziwa hilo ni la maji baridi na pwani ya chumvi iko mbali mno. Basi mabehewa 20 ya matangi yakatumwa mpaka Key West, ncha ya kusini kabisa ya Florida, yakajazwa maji ya bahari na kurudishwa kaskazini. Yalikwenda na kurudi mara nane. Kazi ilipokwisha, galoni milioni moja za Marekani, karibu lita milioni 3.8, zilikuwa zimevuka nchi ili samaki wa tropiki waishi katika mji wa theluji.

Si kwamba Chicago ilikosa chumvi. Ulikuwa mji wa machinjio na viwanda vya nyama, na Morton, mojawapo ya kampuni kubwa za chumvi za Marekani, ilikuwa na makao yake papo hapo. Kama ingetosha kukoroga chumvi na maji ya bomba, hakuna mhasibu ambaye angeidhinisha safari hata moja ya treni ile. Maji yalibebwa kwa sababu wahusika walijua kwamba bahari ni zaidi ya maji yenye chumvi, na njia ya kuaminika ya kuitengeneza kwa wingi ule haikuwapo bado.

Leo mkazi wa mji huohuo mwenye tangi la matumbawe sebuleni anaingia dukani na kutoka na ndoo ya unga mweupe, anaukoroga jioni, na kesho yake anautia kwenye tangi. Mapinduzi haya yalikuja hasa kuanzia miaka ya 1960, pale kampuni ya Ohio ilipoanza kuuza mchanganyiko uliopewa jina la Instant Ocean, na Wajerumani wa Tropic Marin wakawa na wao. Sasa chapa ni nyingi, kila moja ikijisifu, na anayeanza kufuga matumbawe hutumia wiki nzima akiuliza ipi ni bora. Nadhani swali hilo limekaa upande. Nimewasikiliza wafugaji wengi wakilaumu chumvi, na mara nyingi kosa lilikuwa kwenye maji waliyoyeyushia, kwenye kipimo walichokiamini, au kwenye mkono uliomimina. Lakini ili kulieleza hilo lazima kwanza tujue ndani ya ndoo mna nini.

Mwaka 1819 Alexander Marcet, tabibu mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi London, alipima maji yaliyoletwa kutoka bahari mbalimbali za dunia. Aligundua jambo la ajabu: kiasi cha chumvi kilitofautiana kutoka bahari moja hadi nyingine, ila uwiano wa viungo vyake haukutofautiana. Baadaye meli ya Kiingereza, Challenger, ilizunguka bahari kuu kuanzia 1872 hadi 1876 ikichota maji juu na vilindini, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji hayo. Matokeo aliyoyatoa 1884 yalimthibitisha Marcet. Maji ya Ghuba, mbele ya Abu Dhabi, yana chumvi inayozidi gramu 40 kwa kilo kwa sababu jua linayakausha. Ya kwetu huku Bahari ya Hindi yako kwenye 35 hivi. Ukiyapunguza ya Ghuba kwa maji safi mpaka yafike 35, utapata karibu kitu kilekile.

Kitu chenyewe kina kloridi gramu 19 na kidogo katika kila kilo ya maji, sodiamu karibu 10.8, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu na potasiamu zikiwa na gramu 0.4 kila moja. Baada ya hapo ni bikabonati, bromidi, boroni, strontiamu, na orodha ndefu ya vitu vidogo ambavyo mizani ya jikoni haiwezi kuvihisi. Uwiano huu thabiti ndio uliowapa mabaharia na wanasayansi njia ya mkato: pima kitu kimoja tu, kama uzito wa maji au jinsi yanavyopitisha umeme, na vingine vyote utavikadiria. Njia hiyo ni halali kwa bahari. Kwa maji ya ndoo ni mtego. Yeyusha chumvi ya mezani kwa kiasi kinachofaa, kipimo kitakuonyesha 35 bila kusita, na tumbawe litakalotumbukizwa humo litakufa.

Waliojaribu mwanzo walijifunza hivyo kwa taabu. Mmoja wa watu wa kwanza kuweka viumbe vya baharini hai ndani ya nyumba kwa miaka alikuwa Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster Abbey, na viumbe wenyewe walikuwa ni matumbawe. Aliyachukua Torquay mwaka 1846, matumbawe madogo ya maji ya baridi, akayapeleka London pamoja na maji yao. Maji mapya yalikuwa shida kupatikana, kwa hiyo yaleyale ya zamani yalimiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa, kila siku, kwa muda mrefu. Kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wake wa kike, ambaye kwa maoni yangu anastahili kutajwa katika historia hii kama pampu ya kwanza.

Philip Henry Gosse naye, mtaalamu wa viumbe aliyesaidia bustani ya wanyama ya London kufungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, alichoka kusafirisha maji. Mwaka 1854 akatangaza kanuni yake ya maji ya bahari ya kutengeneza: chumvi ya mezani, salfeti ya magnesiamu inayouzwa kama haluli, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Vitu vinne, basi. Kalsiamu aliiacha, akitumaini kwamba vipande vya kombe na matumbawe makavu chini ya chombo vingetoa chokaa ya kutosha. Kwa anemoni na mwani wa kwao ilipita. Mfugaji wa leo wa Acropora, matumbawe ya matawi yanayojenga haraka, akisoma kanuni hiyo atashika kichwa.

Msomaji wa Malindi au Bagamoyo huenda ameshauliza swali lake kimoyomoyo: kwa nini habari zote hizi za Ohio na Ujerumani wakati chumvi ya bahari tunayo, inavunwa hapa Gongoni na Marereni, imetoka katika Bahari ya Hindi hiihii ambamo matumbawe yanaishi? Swali ni zuri, na jibu lake liko katika jinsi shamba la chumvi linavyofanya kazi. Maji huingizwa kwenye bwawa la kwanza, jua linayapunguza, yanahamishwa bwawa la pili, la tatu, na kuendelea. Viungo vya bahari havishuki chini pamoja. Chokaa inatangulia kuganda. Inafuata jasi. Chumvi yenyewe, ile tunayoila, haianzi kushuka mpaka maji yabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyoingia. Na mvunaji hodari hangojei yakauke kabisa: anayamwaga maji ya mwisho, yale machungu, kwa sababu yanaharibu ladha. Ndani ya uchungu huo ndimo ilimo magnesiamu na sehemu kubwa ya potasiamu. Kwa hiyo gunia la chumvi ya pwani ni bahari iliyonyang'anywa kalsiamu mwanzoni na magnesiamu mwishoni. Kadiri inavyokuwa safi kwa mpishi ndivyo isivyofaa kwa tumbawe. Ikiongezwa iodini na dawa ya kuzuia isigande, iko mbali zaidi.

Kalsiamu hiyo inayokosekana ndiyo nyumba ya tumbawe. Anayeijua Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuambiwa kwamba tumbawe ni chokaa, maana kuta za huko zimejengwa kwa mawe yake na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale. Kinyama kidogo kinachokaa juu ya jiwe kinavuta kutoka majini vitu viwili, kalsiamu na kabonati, na kuviunganisha kuwa mfupa. Kalsiamu baharini ni kama miligramu 420 kwa lita. Akiba ya kabonati na bikabonati hupimwa kwa kile wafugaji wanachokiita KH, yaani ualkali, na baharini ni digrii 7 hivi. Kuna cha tatu, magnesiamu, karibu miligramu 1,300 kwa lita, ambayo tumbawe huihitaji kidogo tu, lakini kazi yake ni kuvisimamia vile viwili visiungane ovyo majini kabla mnyama hajavichukua. Ikipungua sana, chokaa huanza kuganda kwenye hita na pampu badala ya kwenye matumbawe, na mwenye tangi huongeza kalsiamu kila siku bila kuiona inapanda.

Hesabu ya matumizi ni nyepesi kuikumbuka: kwa kila digrii 2.8 za KH tumbawe linazozitumia, linatumia pia miligramu 20 za kalsiamu katika lita. Tazama tofauti ya akiba. Miligramu 20 kati ya 420 ni kitu kidogo, digrii 2.8 kati ya 7 ni janga. Ndiyo maana mfugaji aliyekomaa akikutembelea hakuulizi kwanza kalsiamu yako. Anauliza KH.

Na hapo ndipo uchaguzi wa chumvi unapoanzia. Mifuko ya dukani inagawanyika, kwa kusema kwa jumla, makundi mawili. Kuna chumvi zilizokaribia bahari, zinazotoa KH ya 7 hadi 8 na kidogo zikichanganywa kwenye 35. Kuna nyingine zilizonenepeshwa, zenye KH ya 11 au 12 na kalsiamu ya 450 au zaidi, ambazo kwa kawaida huwekewa jina lenye neno la miamba au la kitaalamu na bei iliyopanda kidogo. Anayeanza huona namba kubwa na kudhani ndiyo chakula bora. Lakini matumbawe hayashibi kwa KH. Yanachotaka ni kesho ifanane na leo.

Chukua tangi linaloshikilia KH ya 8. Mwenye nalo anabadilisha asilimia 10 ya maji kwa mchanganyiko wa 12: tangi linapanda digrii 0.4, na hakuna atakayegundua. Siku nyingine anapata wasiwasi kwa sababu mwani umezidi, anasoma mahali kwamba dawa ni kubadilisha maji mengi, anabadilisha nusu. Kwa saa moja KH imeruka kutoka 8 hadi 10. Katika tangi lenye virutubisho vichache, ndipo ncha za Acropora zinapoanza kuwa nyeupe kana kwamba zimeungua, na chumvi yenye sifa zote inapata lawama. Chumvi ileile kwa jirani yake, ambaye tangi lake limejaa matumbawe magumu yanayokula KH kwa kasi na ambaye hataki kununua mitambo ya kuongezea kemikali, ingekuwa baraka, kwa sababu kila badiliko la maji linarudisha kilicholiwa.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi: tazama KH unayoweza kuishikilia kwenye tangi lako bila kuhangaika, kisha nunua chumvi inayochanganyika karibu na hapo. Wa matumbawe laini na samaki wachache hana sababu ya kulipia chumvi iliyonenepeshwa. Baada ya KH, nitaangalia uthabiti, yaani kama mfuko wa leo unafanana na wa mwezi ujao. Baadhi ya watengenezaji huandika namba ya toleo na matokeo ya maabara, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko picha ya mwamba kwenye ndoo. Lakini hata hapo, changanya lita chache kutoka kila mfuko mpya na upime KH mwenyewe kabla ya kuuamini. Kipimo cha matone ni cha bei nafuu kuliko tumbawe moja.

Kuhusu madini yale madogo madogo, sifa nyingi za kwenye mifuko sizinunui. Kuyataja sabini na kitu ni rahisi, kwa sababu yoyote yanayopatikana ardhini yatakuwamo kama uchafu wa kawaida katika malighafi za kiwandani. La maana ni yapo kwa kiasi gani, na hilo mfuko hausemi. Vilevile chumvi inayotangazwa kuwa imetoka baharini moja kwa moja: tumeona kwenye mashamba ya chumvi kinachotokea bahari inapokaushwa. Mtengenezaji lazima arudishe kalsiamu, magnesiamu na kabonati kwa mkono wake, na akishafanya hivyo vizuri, bidhaa yake inaweza kuwa nzuri sana, ila neno bahari kwenye lebo halijafanya kazi yoyote.

Tuje kwenye maji, ambako pesa nyingi za chumvi zinapotelea. Chicago, kama miji mingine yenye mabomba ya kale ya risasi, hutia fosfati katika maji ya bomba ili risasi isiyeyuke na kuwaingia watu. Ni jambo la busara kwa watoto wa Chicago. Kwa matumbawe ni baya, kwa maana fosfati ikizidi inazuia ujenzi wa mfupa na inaulisha mwani. Miji mingine, Washington ikiwemo, hutumia kloramini badala ya klorini, na kloramini haiondoki kwa kuyaacha maji usiku kucha kwenye ndoo wazi kama klorini inavyoondoka. Shaba ya mabomba ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana. Maji ya kisima nayo huja na chokaa na silika zake, ambazo zitajiongeza juu ya hesabu ya mtengenezaji.

Ndiyo maana wafugaji huyapitisha maji yao kwenye mtambo wa RO: kwanza chujio la mashapo, halafu makaa, kisha utando wenye matundu madogo mno unaosukumiwa maji kwa shinikizo, na mwisho kopo la rezini linalonasa kilichobaki. Kijipimo kidogo cha umeme cha kutumbukiza majini kinatakiwa kusoma sifuri. Kikianza kusoma moja, mbili, rezini imechoka, na rezini iliyochoka huweza kuachia kwa mkupuo vitu ilivyokuwa imevishika. Aliyenunua chumvi ya bei ya juu akaiyeyusha kwa maji ya bomba amelipia uwiano sahihi kisha akauvuruga yeye mwenyewe.

Sasa kuchanganya. Ndoo ikisafirishwa kwa meli na lori, punje nzito na nyepesi hujitenga, nyingine zikakaa chini na nyingine juu. Kabla ya kufungua, ilaze na uibiringishe sakafuni kwenda na kurudi. Ukitumia nusu ya juu mwezi huu na ya chini mwezi ujao bila kufanya hivyo, umetumia chumvi mbili tofauti. Pima kwa mizani. Kikombe kinadanganya kwa sababu unga unashikana. Kwa lita moja ya maji utahitaji gramu 38 hadi 40, na wengi hushangaa: mbona bahari ni 35? Kwa sababu baadhi ya kemikali za kwenye mfuko zina maji ndani ya punje zake, ingawa zinaonekana kavu. Kloridi ya magnesiamu ya kawaida, kwa mfano, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Unalipia maji kidogo, hakuna namna.

Chombo kiwe cha plastiki safi ya vyakula, kisiwe na chuma wala shaba popote. Maji yanatangulia. Hili ndilo agizo ambalo watu hulivunja kwa haraka zao: wanamimina chumvi yote kwenye ndoo tupu, kisha wanafungulia maji juu yake. Katika dakika za kwanza ndani ya ndoo hiyo kuna maji kidogo yenye kalsiamu na kabonati mara kumi ya inavyotakiwa, na viwili hivyo havitangoji tumbawe. Vinaungana hapohapo. Utaona ukungu mweupe kama tui, na hata ukiongeza maji mpaka juu, ukungu hautayeyuka wote, maana umekwisha kuwa jiwe. Ukipima, KH imeanguka. Watu hudhani wameuziwa chumvi mbovu na kuandika malalamiko marefu.

Jaza maji kwanza, washa pampu yenye nguvu ya kuyazungusha mpaka chini, kisha nyunyiza chumvi pole pole pale mkondo unapopita, ukingoja fungu la kwanza lipotee kabla ya la pili. Joto la nyuzi 25 linatosha. Hapa akili ya jikoni inapotosha: tumezoea kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi, na kwa sukari ni kweli, lakini kabonati ya kalsiamu ina tabia ya kinyume, kuyeyuka kwake kunapungua kadiri maji yanavyopata joto. Hita iliyoachwa juu sana ndani ya ndoo ya kuchanganyia huvikwa koti jeupe, na koti hilo lilikuwa KH yako.

Ukimaliza, muda wa kungoja unategemea chumvi yenyewe. Nyingi za leo zinang'aa ndani ya nusu saa. Kuzikoroga saa kadhaa husaidia hewa na maji kukubaliana na pH kutulia. Lakini zile zilizonenepeshwa, kwa sababu zimebeba kabonati nyingi kuliko bahari, ziko ukingoni. Zikikorogwa siku mbili huanza kuiangusha chokaa kwenye kuta za chombo. Soma mfuko. Mtengenezaji akisema yatumike siku hiyohiyo, hasemi ili kujaza nafasi. Chumvi za KH ya chini huvumilia kuhifadhiwa kwenye pipa lenye mfuniko, na anayebadilisha maji kila wiki ataona faida ya kuwa na pipa lililo tayari siku tangi linapopasuka au samaki anapofia nyuma ya mwamba.

Mfuko ukishafunguliwa, adui wake ni unyevu. Kloridi ya kalsiamu huvuta maji kutoka hewani, na katika hewa ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa nne mfuko ulioachwa wazi huwa donge kwa siku chache. Madonge laini yanayovunjika kwa vidole hayana neno. Ukikuta jabali, ujue huenda kemia ambayo ingetokea katika tangi imekwisha kutokea humo mfukoni, na bei ya chini ambayo muuzaji anakupa si fadhila.

Kipimo cha chumvi kinahitaji neno. Haidromita ya mkono unaopanda na kushuka ni rahisi, na viputo vya hewa vinavyonata kwenye mkono huo vinaunyanyua na kukudanganya. Rifraktomita, kidarubini kinachopindisha mwanga kupitia tone la maji, ni bora zaidi, lakini nyingi zinazouzwa zilitengenezwa kupima chumvi ya kawaida ya viwandani, na maji ya bahari hupindisha mwanga kwa namna tofauti kidogo. Bahari ya 35 kwenye kifaa hicho itasomeka 36.5 hivi. Aliyekilinganisha kwa maji matupu peke yake, akashusha mpaka kisome 35, anafuga matumbawe kwenye maji mepesi bila kujua.

Dawa yake ni kulinganisha kwa maji maalumu ya 35 yanayouzwa kwenye kichupa. Na asiye na kichupa anaweza kuchukua gramu 36.5 za chumvi ya mezani na kuziyeyusha katika gramu 963.5 za maji safi: mchanganyiko huo hupindisha mwanga sawasawa na bahari ya 35, basi urekebishe kifaa mpaka kisome 35. Kwa hiyo chumvi ya Gongoni ina kazi katika ufugaji wa matumbawe, mradi isivuke kutoka kwenye kioo cha rifraktomita kwenda kwenye tangi.

Tangi likishajazwa, chumvi haiondoki kwa joto. Kinachopaa ni maji matupu, kwa hiyo kinachorudishwa kila siku ni maji matupu ya RO, wala si mchanganyiko. Ni ajabu jinsi kosa hili linavyowapata hata watu makini: wanaona kina kimeshuka, wanachota kwenye pipa lililo karibu, na baada ya wiki chache wanakaa na Ghuba ya Uajemi sebuleni.

Anayetaka kuhama kutoka chapa moja kwenda nyingine ahame taratibu, nusu kwa nusu katika mabadiliko mawili matatu ya maji, akipima KH kila mara. Asifanye hivyo wiki ileile aliyobadilisha taa au kuongeza samaki, maana likitokea jambo hatajua amlaumu nani.

Na mkazi wa pwani, ambaye bahari iko mwisho wa mtaa? Anaweza kuchota, na wapo wanaofanya hivyo sehemu nyingi za dunia. Achote mbali na vijito na mifereji ya maji machafu, wakati maji yanajaa, nje ya mwamba kama ana chombo cha kumfikisha. Ndani ya hifadhi za bahari asiguse kitu bila ruhusa. Malindi msimu wa mvua aache kabisa, kwa kuwa mto Sabaki hushusha udongo mpaka bahari ikawa nyekundu. Maji hayo yatakuwa na uwiano ambao kiwanda chochote kinautamani, lakini KH yake ni 7 na si zaidi, na tangi lililosheheni matumbawe magumu litaila haraka kuliko wimbi linavyoweza kurudi, kwa hiyo kuongeza kalsiamu na kabonati kutabaki pale pale. Ayachuje, ayapime kama angepima ya ndoo, na achague madumu yake kwa makini: lililowahi kubeba dizeli au mafuta ya taa, hata lioshwe vipi, halifai.